TAHADHARI: Wanaojiita "wakausha nyumba" Mtwara, mashine yao inajazwa maji

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, hasa mlioingiliwa na maji mvua hizi, naombeni msome hili kabla hamjatoa hela.

Kuna vijana wanapita mtaa kwa mtaa na bajaji. Wamevaa fulana zinazofanana, wana vitambulisho shingoni, na wanasema wanakausha nyumba kwa mashine. Kwa mama yangu Chikongola walifika siku ya nne tangu maji yaingie ndani. Maji yenyewe yaliishia chini ya goti na tuliyatoa kwa ndoo usiku kucha, lakini ukuta uliendelea kulowa kwenda juu mpaka usawa wa kiuno, kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta. Mimi nilikuwa nimekwenda Masasi. Wakamwambia, "Mama, unakumbuka kimbunga Hidaya cha Mei 2024? Hii nyumba ukiiacha hivi itakuangukia." Mama akaogopa. Bei shilingi 450,000, kazi siku tatu, nusu kabla ya kuanza.

Kilichommaliza mama ni kipimo. Walitoa kidude chenye sindano mbili, wakakichoma ukutani, kikalia na taa nyekundu ikawaka. Hapa ndipo wengi wanapokamatwa, kwa hiyo nieleze. Kipimo cha aina hiyo kinapitisha umeme mdogo kati ya sindano na sindano, na namba zake zimepangwa kwa ajili ya mbao. Kwenye ukuta wa tofali hazimaanishi kitu kilekile. Penye chumvi ndiyo kabisa, kwa sababu chumvi inavuta unyevu wa hewani na umeme unapita kirahisi. Nyumba zetu za pwani, ambazo nyingi zimejengwa karibu na bahari na nyingine kwa mchanga wenye chumvi, kipimo kinaweza kulia hata kama hakuna mafuriko yaliyofika. Jirani yetu nyumba yake iko juu, haikuingia hata tone. Kwake pia kililia, naye akalipa.

Nilirudi siku ya pili ya kazi yao. Madirisha yamefungwa, sebuleni kuna boksi la plastiki refu lenye magurudumu linapuliza hewa ya baridi. Mara kijana mmoja akaingia na ndoo ya maji, akayamimina nyuma ya mashine. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, hayo maji ya nini?" Akanijibu, "Dada, ndiyo yanayovuta maji yenzake ukutani." Ndoo ya lita 20, kila siku.

Ile ni feni ya maji, wala si mashine ya kukausha. Inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme kwa ajili ya kupoza chumba. Ndani ina pedi inayoloweshwa, feni inapitisha hewa kwenye ile pedi, maji yanageuka mvuke na kuingia chumbani. Kwa maneno mengine, mama alilipa watu waje kumwongezea unyevu ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha. Shuka za kitandani zilikuwa na ubichi ukizishika. Umeme wa LUKU pia ulikuwa wa mama.

Mashine ya kweli ya kufyonza unyevu inafanya kinyume chake. Chupa ya soda ukiitoa kwenye friji ikatoka jasho, yale maji yametoka hewani. Ndani ya mashine kuna koili ya baridi namna hiyo. Hewa ya chumba inapita hapo, maji yanadondoka kwenye chombo, hewa inatoka ikiwa kavu na ya vuguvugu kidogo. Ndiyo maana hata AC ina bomba linalodondosha maji nje. Kwa hiyo mashine ya kukausha inatolewa maji, haijazwi maji. Kwenye chumba kilicholowa, ikiwashwa usiku mzima lazima asubuhi ukute maji kwenye chombo chake. Ukiona mtu anaomba maji ya kuweka, mfukuze hapohapo. Mimi sikuwafukuza. Mama alikuwa amewaamini, nami sikuwa na uhakika wa kutosha kumbishia mzazi wangu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Siku ya tatu wakapaka rangi waliyoiita ya kuzuia maji, kuanzia sakafuni mpaka kiunoni. Ukuta ukang'aa. Wakachukua nusu iliyobaki, wakaacha karatasi yenye muhuri, dhamana ya miaka mitano.

Haikumaliza wiki mbili. Rangi ilivimba malengelenge, ukilitoboa moja linatoa maji. Nyuma ya kabati la nguo ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu, na kifua cha mama kikaanza kumbana kila usiku. Namba zao za simu hazipatikani.

Fundi mwashi mmoja mzee wa Mikindani alipoiona alisikitika tu. Alituambia zile nyumba za zamani za kwao, za matumbawe na chokaa, zikilowa zinapumua, unyevu unapata pa kutokea. Rangi isiyopitisha kitu juu ya ukuta mbichi inayafungia maji ndani. Akaikwangua yote, akabandua na lipu ya chini iliyokufa, akatuagiza ile chumvi nyeupe inayochanua ukutani tuifute kwa brashi kavu, kwa maana ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Kisha tungoje. Madirisha wazi mchana wenye jua, feni ya kawaida ikipuliza, samani mbali na ukuta. Ukuta wa tofali uliokunywa maji unakauka kwa wiki na miezi, na kwetu huku ukavu wenyewe unakuja kusi likishika. Hakuna wa kuukausha kwa siku tatu.

Lingine ni la hatari kuliko hela. Nyumba moja Magomeni, hapa hapa Mtwara, waliwasha jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, eti kuisaidia mashine, wakamwambia mwenye nyumba aliache liwake usiku. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Nawasihi, mtu yeyote asiwashie mkaa wala jenereta ndani ya nyumba, kwa sababu yoyote ile.

Ukitaka kujua ukuta wako umekauka, huna haja ya kipimo cha mtu. Chukua nailoni, ukubwa wa daftari lililofunguliwa, ibandike ukutani kwa utepe wa gundi (selotepu) pande zote nne, iache siku nzima. Ukikuta umande upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji bado yapo. Usipake rangi. Ila vitu laini, magodoro, mazulia, nguo, vitoeni juani mapema sana, kwa sababu ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 24 mpaka 48. Na soketi zilizoingia maji msiziguse kabla fundi umeme hajazikagua. Zimeni swichi kuu.

Nimesharipoti polisi, na namba zao nimezituma 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli wa simu. Nasikia sasa wamehamia upande wa Lindi mjini. Kama wamepita kwenu na unayo ile karatasi ya dhamana au ujumbe wa muamala uliowalipa, usiufute. Niandikie, nataka tupeleke malalamiko yetu pamoja.