Kranki ya 40/30/22 na kaseti ya 11–36: gia za kupandia Kona Baridi ukiwa na mzigo

Baiskeli nyingi za safari huja na kranki (mikono ya pedali pamoja na sproketi, yaani magurudumu ya meno, za mbele) ya barabarani, meno 50/34, na kaseti (rundo la sproketi za nyuma) inayoishia meno 28 au 32. Bila mzigo zinatosha kabisa. Lakini funga keria, mabegi mawili, hema na maji, kisha urudi Nairobi kutoka Magadi: unaanzia kama mita 600 juu ya usawa wa bahari na kufika Kona Baridi, juu kwenye barabara hiyo ya Magadi, ukiwa umepita 1,800, na sehemu kubwa ya kupanda iko baada ya Olorgesailie, wakati miguu imeshachoka. Ndiyo sababu nilihamia kranki ya 40/30/22 na kaseti ya gia 9 ya 11–36, na sioni nikirudi nyuma.

Kabla ya kununua chochote, piga hesabu ya gia nyepesi kuliko zote: meno ya mbele gawanya kwa ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa gurudumu. Tairi la 700×38 lina kama mita 2.18. Kwa 34/28 kila mzunguko wa pedali unakusogeza mita 2.65. Ukibadilisha kaseti pekee (34/36) unapata 2.06, ukibadilisha kranki pekee (22/28) unapata 1.71. Ukibadilisha zote mbili, 1.33. Kwa hiyo mwenye pesa ya kitu kimoja aanze na kranki, ingawa mafundi wengi watakusukumia kaseti kwa sababu ni kazi ya dakika kumi.

Mlima wa asilimia 8, baiskeli na mwendeshaji na mzigo vikiwa kilo 100, kwa kilomita 6 kwa saa, unadai karibu wati 150. Gia haipunguzi wati hizo. Ila kwa mita 2.65 utazikanyaga kwa mizunguko 38 tu kwa dakika, magoti yakibeba yote. Kwa mita 1.33 ni mizunguko 75, na kila kanyago lina nusu ya nguvu ile. Chini ya kilomita 5 kwa saa baiskeli yenye mzigo huanza kuyumba, kwa hiyo kutafuta gia nyepesi zaidi ya hapo hakuna faida kubwa.

Kuhusu kasi unayopoteza: 40/11 kwa mizunguko 90 ni karibu kilomita 43 kwa saa. Mwenye mabegi anayetaka zaidi ya hapo kwenye mteremko wa Mai Mahiu, kati ya malori, ana shida nyingine.

Kufunga ndiko kwenye mitego. Deraila (kifaa kinachohamisha cheni kati ya sproketi) ya nyuma ya barabarani yenye mkono mfupi haifai. Inatakiwa imudu tofauti ya meno 43, yaani (40−22) + (36−11), na sproketi ya meno 36. Kile kipande cha kushusha deraila huisaidia kufikia sproketi kubwa, lakini hakivuti cheni iliyolegea. Chukua deraila ya mlimani ya mkono mrefu, ya gia 9. Leva (za kubadilishia gia) za barabarani za Shimano za gia 9 huiendesha bila tatizo. Ya mlimani ya gia 10 huvuta waya kwa kipimo tofauti, na gia hazitakaa.

Mbele ni pagumu zaidi. Leva ya kushoto ya sproketi mbili haina hatua ya tatu, kwa hiyo mimi napendekeza leva isiyo na hatua, ile unayoisukuma mpaka cheni inyamaze. Deraila ya mbele iliyopindwa kwa ajili ya meno 50 haifuati umbo la 40, na mkia wake unaweza kugusa fremu ukiishusha. Nunua ya 40, uifunge milimita 1 hadi 3 juu ya meno. Pima pia nafasi kati ya sproketi kubwa na fremu: kwenye fremu nyembamba ya barabarani huenda ukahitaji ekseli ndefu ya kranki.

Cheni izungushe kwenye 40 na 36 bila kuipitisha kwenye deraila, kisha ongeza pingili mbili. Ikiwa fupi, siku utakayoingia 40/36 kwa bahati mbaya itang'oa deraila. Ikilegea kwenye 22/11, iache ilegee. Hiyo si gia ya kutumia. Skrubu ya B, ile inayosogeza deraila ya nyuma karibu au mbali na kaseti, irekebishwe hadi kuwe na pengo la milimita 5 au 6 kati ya gurudumu la juu la deraila na meno 36. Nati ya kaseti ikazwe kwa Nm 40.

Angalia habu (kitovu cha gurudumu la nyuma) kwanza: baiskeli za bei nafuu zina friwili, rundo la sproketi la kuskrubu kwenye habu, si kaseti, na 11–36 haitaingia. Tena habu hizo huvunja ekseli chini ya mzigo, kwa sababu beringi ya kulia iko ndani sana.

Lalamiko langu kwa kranki hii ni moja. Cheni huruka ndani ukishuka kwenda 22 huku unakanyaga kwa nguvu. Badilisha kabla mlima haujakaza, na funga kizuizi cha cheni kwenye bomba la kiti. Sproketi ya 22 iwe ya chuma. Ya aluminiamu huisha haraka, hasa kwa vumbi la Kajiado.