Meza ya Useremala Niliyoagiza Kizota: Tathmini Baada ya Miezi Minane

Mwezi Februari niliagiza vitu vitatu kwa ajili ya karakana yangu ndogo ya nyumbani hapa Nkuhungu, Dodoma: meza ya kufanyia kazi, ubao wa ukutani wa kutundikia zana, na kabati la droo sita. Vyote vilitengenezwa na mafundi wa Kizota wanaofanya kazi ya kuchomelea vyuma na ya useremala mahali pamoja, kwa jumla ya shilingi 710,000 pamoja na usafiri na kufunga. Nimesubiri hadi sasa kutoa maoni yangu kwa sababu kitu cha mbao hakiwezi kupimwa hapa Dodoma kabla hakijapitia msimu wa mvua na kiangazi chake. Kinachopendeza mwezi Machi kinaweza kuwa kimepinda ifikapo Agosti.

Karakana yenyewe ni banda la matofali ya saruji lenye upana wa mita tatu na urefu wa mita nne. Kwa miaka kadhaa nilifanyia kazi juu ya meza kuukuu ya chakula, ambayo ilisogea kila nilipopiga randa, hata ikabidi mwanangu aishikilie upande wa pili. Zana zilikaa katika ndoo na maboksi, na muda niliopoteza kutafuta kikwadra cha kupimia pembe au penseli ulikuwa mwingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Jambo la kwanza lililonifanya niwaamini mafundi hawa ni jinsi walivyopima. Aliyekuja nyumbani aliniomba nivae viatu ninavyovaa nikiwa kazini, nisimame wima, nilegeze mikono, kisha akapima kwa futi kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kiganja changu. Akaniambia, «Kaka, meza yako itakuwa sentimita 84. Ukitaka ya juu zaidi utapiga randa kwa mabega, na mabega yatakuuma.» Nilikuwa nimemwandikia sentimita 90 kwa kufuata kimo cha meza ya jikoni. Alikuwa sahihi. Ninapopiga randa sasa nasukuma kwa uzito wa mwili mzima, na ile kero ya kuamka Jumapili mgongo ukiwa umekaza imeniondoka.

Fremu ni ya bomba za mraba za milimita 50 zenye unene wa milimita 2, na kila mguu una nati ya kurekebisha kimo, kwa kuwa sakafu yangu haijanyooka. Ilibebwa na watu wanne. Uzito huo ndio sifa kuu ya meza hii: sijawahi kuiona ikisogea, hata ninapochonga matundu ya kuungia miguu ya kitanda katika mkongo mkavu kwa patasi na nyundo ya mti. Jiliwa, yaani kifaa cha kubania mbao, limefungwa mwisho wa kushoto, panapomfaa mtu anayetumia mkono wa kulia, nalo lina vipande vya mninga ndani ya meno yake ili chuma kisiache alama kwenye kazi. Jambo hilo dogo wengi hulisahau, na mteja ndiye huona alama hizo wa kwanza.

Tatizo lilikuja na uso wa meza. Ulitengenezwa kwa mbao za paina kutoka Mafinga, unene wa inchi mbili, zilizounganishwa kwa gundi hadi kufikia upana wa sentimita 60, na kwa macho ulikuwa mzuri sana. Lakini uliletwa wakati wa mvua, ukakazwa kwa skrubu kwenye fremu ya chuma kupitia matundu ya duara yasiyoacha nafasi yoyote. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo hewa hukauka kwa miezi mingi mfululizo. Mbao inapopoteza unyevu hupungua upana, ilhali urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana; chuma nacho kwa unyevu hakibadiliki kabisa. Kwa hiyo paina ilitaka kujivuta, skrubu zikaikatalia, na mwishoni mwa Julai, usiku mmoja, nilisikia mlio kama wa fimbo inayovunjika. Asubuhi nilikuta ufa unaoanzia karibu na jiliwa hadi katikati ya meza, wenye upana wa kuingiza sarafu ya shilingi 200.

Niliwapigia simu, wakaja baada ya siku tatu. Walifungua skrubu zote, wakaongeza kila tundu la fremu liwe refu kuelekea upana wa meza ili skrubu iweze kuteleza, wakajaza ufa kwa kipande chembamba cha paina kilichopakwa gundi, kisha wakapiga randa uso mzima. Hawakunitoza kazi, bali usafiri tu, shilingi 20,000. Nilipima upana kabla hawajaondoka na kuulinganisha na kipimo nilichokuwa nimeandika chini ya meza mwezi Februari: uso ulikuwa umepungua milimita 6. Marekebisho hayo yalikuwa ya uungwana, nami nawashukuru. Hata hivyo, mafundi wanaoishi Dodoma walipaswa kuchimba matundu marefu tangu siku ya kwanza. Anayeagiza meza ya namna hii aliseme jambo hilo kabla ya kulipa malipo ya awali, na aombe kuoneshwa upande wa chini wa meza ikiwa bado ipo kwao.

Ubao wa ukutani ndio ninaousifu bila kusita. Ni plaiwudi ya milimita 18 iliyofungiwa mikanda ya mbao iliyokatwa kwa mshazari wa nyuzi 45, na kila kishikio cha zana kina mkato kama huo kwa nyuma, hivyo kinajinasa chenyewe kwa uzito wake. Nikitaka kuhamisha misumeno nainyanyua na kishikio chake na kuipeleka kwingine, bila kutoboa tundu jipya. Waliuacha ubao ukae mbali na ukuta kwa sentimita mbili, na ukingo wake wa chini sentimita 40 juu ya sakafu, ili njia za udongo za mchwa zionekane mapema. Mwezi Mei niliona njia moja ikipanda ukutani, nikaiwahi kabla haijafika kwenye mbao. Kila zana nimeichorea umbo lake kwa penseli nyuma ya mahali pake, na jioni mtoto wangu wa miaka tisa anaweza kuniambia kinachokosekana.

Waliweka pia soketi mbili kwenye mguu wa meza. Kwa kuwa fremu ni ya chuma, nilimwita fundi umeme mwenye leseni ahakikishe imeungwa na waya wa ardhi kabla sijawasha chochote, naye akakuta bado haijaungwa. Hilo lisipuuzwe.

Kabati la droo sikuridhika nalo. Kiangazi upepo wetu huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, ukiwa na vumbi jembamba linalopenya kila upenyo, na droo hizi zina nafasi ya karibu milimita nne pande zote za uso wake. Kufikia Septemba reli zake za chuma zilikuwa zimejaa mchanga kiasi kwamba droo ya tatu haikufunguka bila kupigwa teke, na patasi nilizozinoa kwa jioni nzima nilizikuta zimefunikwa utando mwekundu. Nilipolalamika niliambiwa kwamba vumbi ni la Dodoma na si la kabati. Sikubaliani. Mkanda mwembamba wa mpira pembezoni mwa kila droo ungetosha, na mteja wa Dodoma hapaswi kuuziwa kabati lililobuniwa kana kwamba litakaa Tanga, ambako adui wa zana ni kutu.

Vumbi la msumeno nalo ni suala la afya: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, linaliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Kwa hiyo nimeisogeza meza hadi karibu na mlango wa magharibi, nakata nikiwa nimevaa barakoa, na upepo unaoingia dirisha la mashariki unalisukuma vumbi nje.

Meza ningeiagiza tena kwa bei ileile, kwa sharti la matundu marefu, na ubao wa ukutani ningeuagiza hata kwa bei ya juu zaidi. Kabati nimelihamishia ndani ya nyumba, linahifadhi nguo za watoto, na patasi zangu nimezitengenezea kishikio cha mninga kwenye ubao, zikiwa zimevikwa vifuniko vya ngozi.