Nimeunganisha barua pepe za wateja na kalenda kwa Zapier

Nauza kahawa ya Mbozi kutoka hapa Mwanjelwa, Mbeya, na wanunuzi wapya nawatafuta kwa barua pepe. Natumia programu inayotuma barua na kufuatilia nani amejibu. Shida ilikuwa miadi: naandika kwenye daftari, nikienda kwa wakulima daftari linabaki dukani.

Mwezi uliopita nikaunganisha programu ile na Kalenda ya Google kupitia Zapier, huduma ya mtandaoni inayounganisha programu tofauti zifanye kazi pamoja. Huandiki msimbo wowote. Unachagua tukio la kuanzia, halafu kitendo cha kufuata. Kwangu, mteja nikimwekea alama ya "yuko tayari", kalenda inaandika miadi yenye jina lake, anwani yake na saa tuliyokubaliana. Siku simu ilipolia kunikumbusha nikiwa nasubiri daladala Mafiati, nilifurahi kweli.

Ila kagua mapema mpangilio wa saa za eneo. Akaunti yangu ya Zapier ilikuwa kwenye UTC, yaani saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, nami sikuikagua. Mazungumzo ya saa 9 alasiri yakaingia kalendani saa 12 jioni, mnunuzi wa Hamburg akanisubiri bure. Nilimwomba radhi siku hiyohiyo, nikaweka saa za Afrika Mashariki, na tangu hapo hakuna miadi iliyohama.

Kifurushi cha bure cha Zapier kinatoa kazi 100 kwa mwezi (kila kitendo kinachofanyika, kama kuandika miadi moja, ni kazi moja), hatua 2 tu kwa kila muunganisho. Kwa biashara ya mtu mmoja kinanitosha. Ukitaka hatua ya tatu, mfano miadi ijiandike pia kwenye jedwali la mauzo, hapo utalipia.