Taa Inawaka, Maji Baridi: Uzoefu Wangu na Kaunta ya Waranti

Maikrowevu yangu iliacha kupasha, lakini yenyewe siilaumu, kwa kuwa chombo chochote cha umeme kinaweza kuharibika. Ninayemlalamikia ni kijana wa kaunta katika kituo cha huduma cha duka lililoniuzia, hapa hapa Dar es Salaam, ambaye alichomeka plagi, akaona taa imewaka na sahani inazunguka, akachomoa na kuniambia, "Mama, hii nzima, rudi nayo nyumbani." Hata shikamoo hakutoa.

Kabla ya kuipakata kwenye bajaji kutoka Tabata, nilikuwa nimefanya kila kinachowezwa na mtu asiye fundi. Niliihamishia kwenye soketi nyingine ambayo pasi inafanya kazi bila tatizo. Nilisafisha mlango na ndoana zake, kwa kuwa mlango usipofunga sawasawa swichi zake huzuia upashaji. Nilikagua kile kibamba chembamba cha maika (madini yanayostahimili joto) kilichoko ubavuni kwa ndani, ambacho kikishika mafuta huungua na kutoa cheche, nikakikuta kisafi. Kisha nikaweka glasi ya maji ya bomba na kuiwasha kwa dakika mbili. Feni ilivuma, sahani ikazunguka, na maji yakatoka baridi vile vile yalivyoingia. Kilichobadilika ni sauti tu: ilikuwa ikinguruma kwa uzito, kama lori linalopanda mlima kwa gia isiyo yake. Mpwa wangu alikwisha kushika bisibisi, lakini nilimkataza kabisa asifungue bati la nje, kwa sababu ndani mna kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, inayoweza kubaki na chaji ya kumuua mtu hata baada ya plagi kuchomolewa.

Yote hayo nilimweleza kijana yule kwa utaratibu. Nilimwambia kwamba taa, feni na mota ya sahani hutumia umeme wa kawaida wa volti 230, ilhali joto lina njia yake ya pekee: transfoma hupandisha umeme hadi volti 2,000 hivi, kapasita na dayodi huupandisha zaidi, ndipo magnetroni ipate nguvu ya kutoa mawimbi yanayopasha chakula, na kwa hiyo taa kuwaka si ushahidi wa chochote. Nikamwomba kikombe cha maji tujaribu pale pale, mbele ya macho yake. Akanijibu, bila kuinua uso kutoka kwenye simu yake, "Mama, hapa si mgahawa."

Niliposema sitaondoka, aligeukia risiti. Karatasi za risiti za mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, hufifia, jambo linalojulikana na kila mtu aliyewahi kuzitunza kwenye mkoba katika joto la mji huu, na yangu ilikuwa imeanza kuwa nyeupe upande wa juu. Aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akaisukuma kwangu kwa ncha ya kidole: "Haisomeki. Waranti hakuna." Kadi ya waranti yenye muhuri wa duka lao ilikuwa mezani, chini ya kiwiko chake. Nikamwonyesha picha ya risiti niliyoipiga siku ya manunuzi; akasema hawapokei picha. Basi nikaingiza msimbo wa uhakiki na muda wa risiti kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato (TRA), na manunuzi yakatokea yote, pamoja na jina la duka na kiasi nilicholipa. Akanyamaza. Nikamkumbusha pia kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji na kwamba Tume ya Ushindani ina ofisi mjini humu humu. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba nyuma kuna fundi.

Kuhusu fundi huyo ninalazimika kubadili sauti. Ni kijana mdogo kuliko yule wa kaunta. Alinisalimia, akanivutia kiti, akaenda mwenyewe kuleta kikombe cha maji. Aliwasha, akainamisha sikio kwa muda mfupi, akazima. "Mama, mngurumo huu mara nyingi ni dayodi, lakini tuhakikishe." Alichomoa plagi, akafungua bati, akaimaliza kwanza chaji ya kapasita kabla ya kugusa kingine chochote, kisha akaitoa dayodi na kuipima. Mita ililia alipoipima upande mmoja, ikalia tena alipogeuza nyaya. Akanieleza kwamba dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu, na ikipitisha pande zote mbili imekwisha. Ni kifaa cha kushika kwa vidole viwili! Alifunga nyingine, maji yakatoka yanafuka mvuke, na kwa dakika chache nilikuwa tayari kuandika kwamba hiki ndicho kituo bora kuliko vyote nilivyowahi kufika.

Kisha nikarudi kaunta kusaini, nikakabidhiwa ankara ya "ada ya uchunguzi". Uchunguzi upi? Ule wa kutazama taa? Nilikataa kulipa kwa sauti ambayo wateja wengine waliisikia, meneja akatoka ofisini, akaifuta ada hiyo kwa kalamu na kurudi ndani bila neno la pole.

Kwa hiyo sijui niwaambie nini wanaouliza kama waende au wasiende. Ukimpata fundi yule, nenda hata kwa miguu. Ukiishia kaunta, afadhali ulipe fundi wa mtaani unayemwamini. Jana nilidhani hasira imepoa, mpaka nilipoifungua kadi ya waranti na kukuta hakuna aliyeandika kwamba dayodi imebadilishwa. Nimepiga simu kuomba waijaze, na sauti ile ile ya kaunta imenijibu kwamba kwa kuwa sasa maikrowevu inapasha, hakuna cha kuandika.