Nimeifunga kitako bastola yangu ya upepo: uzoefu wangu baada ya miezi minne

Nilikaa na Crosman 1377 miaka miwili kabla ya kuipenda. Ni bastola ya upepo ya peleti, yaani vidonge vidogo vya madini ya risasi, za milimita 4.5. Hakuna mtungi wa gesi wala betri. Unapiga pampu kwa mkono, mara 3 hadi 10, unaweka peleti moja, unafunga, unalenga. Nguvu ilikuwepo, ila mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Mita 10 kutoka kwenye shabaha, peleti tano zilitawanyika eneo la kisosi cha chai, na siku nyingine kisosi chenyewe kilikuwa kidogo. Mtu niliyekulia Tanga nikidungua maembe kwa manati, lile jambo liliniuma kwelikweli.

Crosman wanatengeneza kitako cha plastiki cha bastola hii, namba 1399. Unafungua vile vishikio viwili vya pembeni, unakiweka kitako mahali pake, unakaza. Bisibisi moja na robo saa vinatosha. Changu nilikinunua mtandaoni kikiwa kimetumika, na muuzaji alinitumia bila skrubu. Nilimwandikia mara mbili, hakujibu. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi na vile vishikio vya zamani mkononi, nikajaribisha skrubu moja baada ya nyingine hadi nikapata inayoingia. Ukinunua cha mtumba, omba kwanza picha ya skrubu.

Sasa niseme wazi, kwa sababu wengi wananiuliza: kitako hakiongezi nguvu hata chembe. Mtutu ni uleule, pampu ni ileile. Kinachobadilika ni kwamba silaha inakaa sehemu tatu: begani, shavuni na mkono wa mbele. Mtetemo unaisha. Wiki ya kwanza, nikiwa nimekaa na kuegemea meza, nilipiga peleti tano kwa mita 10. Nikaweka sarafu ya robo dola juu ya karatasi: ilifunika matundu manne, la tano likachungulia ukingoni. Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Kuna siri moja ambayo sikuijua nilipokuwa natumia bastola tupu. Kibao cha kulengea cha nyuma kina pande mbili: upande mmoja una mwanya wa mraba, upande wa pili una kitundu. Kitundu hakina maana ukiwa umenyoosha mkono, kiko mbali mno na jicho. Ukishaweka shavu kwenye kitako, jicho linasogea karibu, na hapo kitundu kinafanya kazi yake. Nililegeza skrubu, nikakigeuza, nikakaza tena. Unachungulia ndani yake, unaona nguzo ya mbele imesimama katikati, basi. Kwa macho yangu ya miaka 47, mabadiliko hayo peke yake yalistahili gharama ya kitako.

Yapo ya kuvumilia. Kile kinafasi cha kuwekea peleti ni kidogo, na vidole vyangu ni vinene. Kukiwa na baridi peleti inageuka kichwa nyuma, naanza upya. Mkono wa pampu nao ni mfupi. Mara moja ulinibana ngozi ya kidole gumba nikiharakisha pampu ya nane, damu ikatoka. Sasa naegemeza kitako pajani, vidole nje kabisa ya mwanya, na kwa mita 10 pampu 4 zinanitosha. Sauti inapungua pia, jirani hasumbuki.

Kuhusu uwanja wenyewe. Hii si ya kuchezea. Watengenezaji wanaandika kasi ya hadi futi 600 kwa sekunde, na jicho halina akiba. Nyuma ya shabaha nimeweka sanduku la mbao nililojaza udongo laini wa kuzibia mabomba, unaonasa peleti bila kuirudisha, na nyuma ya sanduku kuna ukuta wa matofali. Miwani ya kinga navaa mimi na yeyote aliyesimama nami. Watoto wakiwa nje, haitoki kabatini. Na baada ya kushika peleti naosha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwa kuwa ni madini ya risasi.

Sheria ulizia unapoishi. Sheria ya serikali kuu ya Marekani haiihesabu silaha ya upepo kama bunduki ya baruti, ndiyo maana kitako hiki hakina shida. Bastola ya baruti ni habari nyingine: ukiifunga kitako na mtutu haufiki inchi 16, lazima iwe imesajiliwa kwanza chini ya sheria ya silaha ya serikali kuu ya mwaka 1934 (National Firearms Act). Lakini jimbo la New Jersey huhesabu hata ya upepo kuwa silaha kamili, na miji mingi ina amri zake za kufyatua uani. Mimi nilipiga simu ofisi ya mji kabla ya kufungua skrubu ya kwanza.

Ninapoihifadhi naiacha na pampu moja, bila peleti, ili vali ibaki imefunga. Kuna pia chemba ya chuma ya kuwekea darubini, watu wanaisifu. Mita 10 zangu hazijaidai bado.