Miksa yangu haikuwa imeungua

Kabla sijasema lolote kuhusu duka la Kariakoo lililoniuzia waya wa sauti: waya ni mzuri. Mnene, jeki zake, yaani vichwa vya kuchomekea, nzito, haukoromi kwenye spika hata ukilala juu ya waya wa umeme. Nausifu mapema kwa sababu nikishaanza kumweleza yule kaka wa kaunta sitakumbuka tena wema wowote.

Nina chumba kimoja Tandika, ukutani nimebandika trei za mayai na blanketi mbili, humo narekodi kasida na matangazo ya maduka ya watu. Miksa yangu, mashine ya kuchanganyia sauti, ni ya analogi, mtumba, chaneli 12, haina efekti kama mwangwi ndani. Miezi kadhaa iliyopita nikapata mashine ya mwangwi, nayo mtumba, nikaenda Kariakoo kutafuta waya wa kuiunganisha. Kaka hakuniuliza nina miksa gani. Akanipa waya wa jeki kubwa, ule wa gitaa, akasema: "Chomeka palipoandikwa INSERT. Efekti mlango wake ndio huo."

Nikachomeka. Kimya. Nikahamia chaneli ya pili, vilevile. Taa zinawaka, maiki nzima, ila kwenye spika hakuna hata pumzi.

Kesho yake, au keshokutwa, nikaipanda nayo daladala, nimeipakata kama mtoto mgonjwa, konda ananidai nauli ya watu wawili. Kaka akachomeka waya uleule kwenye tundu lilelile, akagonga maiki kwa kidole, akatikisa kichwa. "Hizi chaneli zimeungua. Niachie, elfu themanini." Nikamuuliza mbona kabla ya waya wake zilikuwa zinaimba vizuri. Akacheka, tena akawageukia wateja wengine ili nao wacheke: "Dada, wewe imba. Umeme tuachie sisi."

Sikuiacha. Natamani niseme nilikuwa na msimamo, lakini nilikuwa na nauli tu.

Usiku huo, nimenuna, nikaanza kuchomoa nyaya. Jeki ikatoka nusu, ikalia tik, na spika zikaniletea sauti ya feni yangu mwenyewe inayozunguka juu ya maiki. Nikaisukuma jeki hadi mwisho: kimya. Nikaivuta kidogo: feni. Nimerudia hivyo labda mara kumi, huku natukana.

Kumbe tundu la INSERT lina njia mbili kwa pamoja. Sauti inatoka kwenye ncha ya jeki, inarudi kwenye pete iliyo nyuma ya ncha. Linataka waya wa Y: upande mmoja jeki yenye mistari miwili myeusi, upande wa pili jeki mbili za kawaida. Waya aliouza yeye una mstari mmoja, hauna pete. Ukizama wote unaipeleka njia ya kurudi kwenye ethi, yaani ardhini, chaneli inakatika. Hakuna kilichoungua! Yeye ndiye aliyeikata, kwa waya wake na maelekezo yake, halafu alitaka elfu themanini za kuuchomoa.

Na mwangwi wala haukai hapo. Hapo pa kompresa, ile mashine ya kubana sauti isipande na kushuka mno. Mwangwi unapita AUX, njia ya pembeni ya miksa inayochukua nakala ya sauti ya kila chaneli: waya mmoja kutoka AUX SEND kwenda kwenye mashine, mwingine kutoka kwenye mashine kurudi kwenye chaneli iliyo wazi. Mashine yenyewe unaiweka itoe mwangwi mtupu, asilimia 100, maana sauti kavu, isiyo na mwangwi, tayari imo kwenye miksa. Hapo chaneli zote zinachota kwenye mashine moja, kila moja kwa kipimo chake. Ila ile chaneli inayopokea mwangwi, AUX yake iwe sifuri. Mimi niliifungua, mwangwi ukawa unajilisha wenyewe, spika zikapiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa kasida zangu zinasikika kama zimesomwa msikitini usiku, kila mtu kalala. Kwa hiyo furaha ipo. Hasira nayo ipo.

Msiende pale. Au nendeni, nunueni waya, ushauri wake mwacheni nao palepale kaunta. Hapana, nikikumbuka kile kicheko, msiende kabisa. Huenda si tapeli, huenda hajui tu, na sijui lipi linaniudhi zaidi.

Shida ni kwamba nilihitaji waya wa pili, na ule wa duka la jirani yake ulikuwa unakoroma kama mzee aliyeshiba. Nikarudi. Akanitambua.

"Dada, ile miksa iliishia wapi?"

Nikamwambia imepona, kuna fundi Tandika kaitengeneza.

"Kakutoza ngapi?"

"Elfu tisini."

Akasonya. "Umepigwa."