Ubao wa Hex wa Fundi wa Mji wa Kale: Uzoefu Wangu

Ubao wa Hex, mchezo wa watu wawili wanaoshindana kuunganisha kingo za ubao kwa kete, unaochongwa na fundi mmoja wa Mji wa Kale, hapa Mombasa, umekuwa nyumbani kwetu tangu kabla ya Ramadhani, na ninaupendekeza kwa dhati kwa yeyote apendaye michezo ya kufikiri. Asiutegemee tu ule ukurasa wa maelezo unaokuja nao, kwa sababu umeacha kanuni ambayo bila yake mchezo huu hauna haki.

Ubao wenyewe ni wa mvule, umepigwa msasa vizuri, na umechorwa vyumba 121 vya pembe sita, 11 kwa 11, vilivyoshikana kama sega la asali. Umbo lake zima limeinama upande, kwa hiyo lina pembe mbili kali na mbili butu. Kingo mbili zinazotazamana ni nyekundu, na mbili nyingine ni nyeusi. Kete zake ni nzito, hazipeperushwi na kaskazi tukicheza barazani.

Kila mchezaji, kwa zamu yake, huweka kete moja katika chumba chochote kilicho kitupu. Mwenye nyekundu hutafuta kuunganisha kingo zake nyekundu kwa mnyororo wa kete zinazogusana, na mwenye nyeusi vivyo hivyo kwa kingo zake; vyumba vinne vya kwenye pembe za ubao huhesabiwa kuwa vya kingo zote mbili zinazokutana hapo. Kete ikishawekwa haisogezwi wala haiondolewi. Ami yangu, aliyekulia katika bao, alikuwa akitafuta cha kula kila zamu hadi nikamwambia, "Ami, hapa hakuna kete inayoliwa, tazama njia tu," na tangu hapo amekuwa mpinzani mgumu kuliko vijana wote wa mtaani.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba mchezo huu hauwezi kwisha kwa sare. Njia pekee ya kumfungia mwenzako kabisa ni kukamilisha njia yako mwenyewe, hivyo hata ubao ukijaa kete, mmoja lazima awe amefika ng'ambo. Piet Hein, mvumbuzi na mshairi wa Denmark, aliutangaza katika gazeti la Politiken mwaka 1942, na John Nash, mwanahisabati wa Marekani, akaubuni upya kivyake katika Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1948. Nash alithibitisha kwamba anayeanza, asipokosea, lazima ashinde: kama anayefuata angekuwa na mbinu ya ushindi, anayeanza angeweka kete popote kisha akaitumia mbinu hiyo hiyo, kwa kuwa kete ya ziada haimdhuru mwenyewe kamwe. Uthibitisho huo hauonyeshi mbinu yenyewe, lakini ukianza katikati ya ubao unaihisi nguvu hiyo mara moja.

Hapo ndipo ukurasa wa fundi ulipopungukiwa. Kanuni iliyoachwa ni ya kubadilishana: baada ya kete ya kwanza kuwekwa, mchezaji wa pili ana hiari ya kuendelea kama kawaida au kuchukua upande wa mwenzake pamoja na kete hiyo. Kwa hiyo anayeanza hulazimika kuchagua chumba kisicho kizuri mno wala kibaya mno, na uchaguzi huo peke yake unataka kufikiri sana.

Kwa anayejifunza, jambo la kwanza ni daraja. Weka kete mbili zisizogusana, lakini zenye vyumba viwili vitupu vinavyopakana na zote mbili. Mpinzani akiingia kimoja, wewe unaingia cha pili, na kiungo chako hakikatiki. Madaraja yakifuatana, unavuka ubao haraka kuliko kwa kete zilizobanana. La pili ni kuzuia kwa mbali, kwa sababu kete iliyowekwa bega kwa bega na ya mpinzani huzungukwa kwa urahisi.

Nililipa shilingi 3,500, na kwa kazi ile ya mbao sioni kuwa ni ghali. Rangi nyekundu ya kingo, hata hivyo, imeanza kubanduka kwa jasho la mikono, kwa hiyo ukiagiza wako mwombe fundi apitishe vanishi juu yake kabla ya kuuchukua.